Tunalipa Spea, Hatulipi Kutafuta

Ndugu zangu, hivi umewahi kumlipa fundi kwa kutafuta tu? Simaanishi kufunga spea mpya. Namaanisha fundi ainame kwenye gari lako saa nzima, ainuke, akuonyeshe kwa kidole kwamba tatizo ni hili hapa, na wewe utoe hela bila kununa. Mimi sikuwahi mpaka mwezi uliopita, na ndiyo maana Corolla 110 yangu ilikuwa inakunywa maji kuliko mimi mwenyewe.

Gari lenyewe ni la mwaka 1998. Nililinunua kwa mtu, kwa mkopo wa saccos ambao bado nakatwa, na mshahara wa ripota mnaujua. Kila asubuhi naongeza lita nzima kwenye rejeta, nainama kuchungulia chini, pakavu! Hakuna hata tone. Siku moja kwenye foleni ya Ubungo mshale wa temperecha ukapanda mpaka juu. Nikasimama pembeni, boneti wazi, daladala zikinipigia honi. Mkutano niliotumwa kuuandika sikuuwahi.

Fundi wa kwanza hakugusa kitu. Alisikiliza, akasema, "Hiyo ni themostati, bosi. Nchi yetu ya joto, haina kazi hapa." Akaing'oa. Hebu nifunge breki kidogo. Joto la Dar ni nyuzi thelathini na kitu. Themostati ya gari kama langu hufunguka injini ikifika nyuzi 80 na zaidi kidogo, kwa sababu injini inataka joto hilo ili ifanye kazi vizuri. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi na kulika mapema. Hoja ya nchi ya joto nani aliianzisha, jamani? Na maji yaliendelea kupotea vilevile.

Fundi wa pili akasema gasketi ya silinda hedi imekufa, tupasue injini, laki saba. Mantiki ipo: maji yanapotea bila kuonekana, basi huenda yanaingia ndani. Lakini gasketi ikifa kwa kawaida huacha dalili. Moshi mweupe usiokatika, oili kugeuka kama chai ya maziwa, mapovu kwenye rejeta. Mimi sikuwa na hata moja, naye hakuangalia hata moja. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba advansi kazini.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa gereji ya Tabata. Aliniambia nilete gari jioni, nililaze pale, nisiliwashe asubuhi. Rejeta ya moto haifunguliwi, inaweza kukuunguza uso. Mfuniko wake unabana presha, ndiyo maana juu yake mara nyingi utakuta pameandikwa 0.9 au 1.1, na kwa presha hiyo maji hukaribia nyuzi 120 kabla hayajachemka. Asubuhi mzee akautoa, akafunga pampu ya mkono yenye geji, akajaza mpaka 0.9. Tukasubiri. Mshale ukaanza kushuka polepole.

"Yanatoka," akasema. "Sasa tujue wapi."

Akachukua tochi na kioo kidogo. Akapapasa mipira yote ya maji, akakagua rejeta, akainua kapeti la abiria kuona kama hita inavuja. Dakika arobaini hivi. Mwisho akanishika mkono nione: chini ya wota pampu kuna kitundu, kimezungukwa na ukoko mweupe. Kitundu hicho kimewekwa makusudi kiwandani. Mpira wa ndani ukichoka, maji yanatokea hapo badala ya kwenda kuua beringi. Yangu yalikuwa yanavuja injini ikiwa ya moto na kukaukia hukohuko juu. Ukoko ni chumvi ya maji ya kisima niliyokuwa namwaga mimi mwenyewe badala ya kulanti.

Akataka elfu thelathini kabla hajashika spana. Nikaruka. "Mzee, thelathini ya kutazama tu?"

"Kijana, waliobahatisha uliwalipa?"

Niliwalipa. Tena bila kupunguziwa.

Ndiyo maana siwezi kuwalaumu mafundi peke yao. Fundi akitafuta nusu siku akakuta klempu imelegea, tunampa elfu tano na kumwita mwizi. Akipasua injini nzima tunampa laki saba na soda juu. Sasa wewe ungekuwa fundi ungejifunza lipi? Na sisi wenye digrii ndio tunaoongoza. Hata huku kwenye magazeti ni yaleyale, habari iliyochapwa ina malipo, siku tatu za kuifukuzia hazina fungu, halafu tunashangaa kwa nini kurasa zimejaa semina.

Pampu imebadilishwa, themostati imerudi, kulanti imo. Wiki ya tatu sasa dumu la maji liko kwenye buti sijaligusa. Fundi wa pili alinipigia juzi, anauliza kama ile laki saba nimeshaipata.