Reli si vyuma tu: mchezo wa treni za bustani na kazi ya gare iliyosahauliwa

Ni siku ya posho asubuhi. Nyuma ya nyumba moja ya Marekani, watu wazima kumi hivi, wengi wao wenye mvi, wanasimama kati ya maua na kungoja karatasi. Mbele yao kuna reli ndogo inayozunguka miti, inavuka kidimbwi cha maji na kupita karibu na ngazi za baraza. Kila behewa lina urefu wa karibu nusu mita. Injini ziko tayari, lakini hakuna anayezigusa. Karatasi haijafika, na bila karatasi hakuna treni inayotoka.

Mkaaji wa Kalemie au Kindu akionyeshwa picha ya mikutano ya namna hii atacheka, na ana haki ya kucheka. Wazee wa watu wanacheza gari la moshi, huku kwao abiria wanalala gare pamoja na mifuko ya mihogo wakingoja treni isiyojulikana itafika lini. Ila kicheko kikiisha, kuna jambo la kutazama. Watu hawa hawachezi na injini. Kuzungusha injini bustanini hata mtoto anaweza. Wanachocheza ni kazi ya gare: nani aondoke, nani angoje, behewa gani liachwe wapi, na nani ameambiwa nini. Hiyo ndiyo sehemu ya reli ambayo haitajwi kila mara ahadi za kufufua reli zinaposikika mashariki ya Kongo.

Treni hizi kubwa za bustani zilienea tangu mwaka wa 1968, wakati kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilipoanza kuuza zile zinazoitwa LGB. Upana wa reli yake ni milimita 45. Kwa kipimo cha 1 kwa 22.5, milimita hizo zinasimamia reli ya mita moja. Basi ni upana uleule wa reli ya Kisangani hadi Ubundu, iliyomalizika mwaka wa 1906, na pia wa reli ya Kabalo hadi Kalemie ilivyojengwa mara ya kwanza, kabla haijapanuliwa katika miaka ya 1950. Mtu akitaka kuiga njia yote ya Kisangani–Ubundu, kilomita 125, kwa kipimo hicho, angehitaji zaidi ya kilomita tano na nusu za reli ndogo. Hakuna bustani ya namna hiyo.

Kwa hiyo wachezaji wanakata. Na wanachokata kinaonyesha wanachojua. Wanafupisha pori, milima na njia ndefu iliyonyooka. Hawathubutu kukata vituo, wala zile reli za pembeni ambapo treni moja inasimama ili nyingine ipite, wala uwanja wa kupangia mabehewa. Ukiondoa hayo, mchezo umekwisha. Kinachobaki ni duara.

Mkubwa wa siku hiyo hata haoni treni. Anakaa ndani ya gereji au chini ya baraza, mgongo wake kwa bustani, akiwa na karatasi kubwa ya saa na vituo, na redio ndogo au simu. Huyo ndiye mtoa amri. Nje, kila treni ina watu wawili: dereva anayeongoza injini, na mkuu wa treni anayeshika makaratasi. Mwingine ana kazi ya uwanja wa mabehewa tu, kuyapanga na kuyapangua tangu asubuhi mpaka mchana, na mara nyingi ndiye anayetoka jasho kuliko wote. Kila behewa lina kadi yake, na ndani ya kadi kuna kipande cha karatasi kinachosema: limetoka hapa, linapeleka mzigo huu, liachwe pale. Mfumo huo wa kadi unatumika tangu miaka ya 1960. Behewa lisilo na kadi halisogei, hata kama kila mtu anaona kwamba njia iko wazi.

Halafu mambo yanaharibika, maana bustani ni bustani. Jani limeanguka juu ya reli. Jua limevimbisha vyuma. Treni ya 12 imeacha reli karibu na kidimbwi, na treni ya 7 inaingoja kwenye kituo cha kupishania. Mtoa amri hajui chochote mpaka mtu amwambie. Akishajua, ana njia mbili: kuiacha treni ya 7 ingoje, na pamoja nayo nyingine tatu zilizo nyuma yake, au kuhamisha mahali pa kupishana. Akichagua kuhamisha, anaandika amri mpya, anawasomea wakuu wa treni zote mbili maneno yaleyale, nao wanamrudishia neno kwa neno kabla hajasema ndiyo. Mmoja akisikia vibaya, treni mbili zinakutana pua kwa pua katikati ya maua. Watu wanacheka, mmoja anarudi nyuma, mtoa amri anashika kichwa.

Desturi hiyo ya kurudia neno kwa neno haikubuniwa na wachezaji. Ilitoka kwenye reli ya kweli ya Marekani, yenye njia moja tu na treni zinazotoka pande mbili. Mwaka wa 1851, Charles Minot, msimamizi wa reli ya Erie katika jimbo la New York, alichoka kungoja treni iliyochelewa. Akatuma telegrafu kituo cha mbele ili treni hiyo izuiwe huko, akaamuru treni yake iendelee. Dereva akakataa kabisa: ratiba ilisema angoje, na ujumbe wa waya aliuona kitu cha kuhatarisha maisha. Minot akaendesha injini mwenyewe, na dereva akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa cha behewa la mwisho. Wanaosimulia habari hiyo humcheka dereva. Wasimcheke sana. Alijua kwamba amri isiyothibitishwa ni hatari kuliko kuchelewa.

Tarehe 9 Julai 1918, karibu na Nashville, jimbo la Tennessee, treni mbili za abiria ziligongana uso kwa uso kwenye njia moja, watu 101 wakafa. Injini zilikuwa nzima. Treni moja ilitakiwa kuhakikisha kwamba nyingine imekwisha kupita kabla ya kuingia njia ya peke, na haikuhakikisha vya kutosha.

Hapo ndipo mchezo unapoachana na ukweli, na lazima isemwe wazi. Bustanini hakuna mfanyakazi anayedai mishahara ya miezi mingi, na hakuna mama anayepanda juu ya behewa la mafuta kwa sababu hana njia nyingine ya kufika sokoni. Mwezi wa tatu 2022, huko Buyofwe katika jimbo la Lualaba, treni ya mizigo ilianguka bondeni na watu zaidi ya 70 wakapoteza maisha. Waliokufa walikuwa abiria kwenye treni isiyoruhusiwa kubeba abiria. Kwa karatasi, hawakuwamo. Kadi nzuri peke yake isingewaokoa, maana watu wale walihitaji treni ya abiria. Lakini reli ambayo karatasi zake hazilingani na kilicho juu ya mabehewa ni reli ambayo mtoa amri wake anafanya kazi kipofu.

Ndiyo sababu mjadala wa reli mashariki ya Kongo una upungufu. Wakubwa wakija na ahadi, wanahesabu kilomita, injini mpya na mamilioni ya dola. Raia nao wanauliza maswali yaleyale: injini ngapi, lini, kutoka nchi gani. Ni nadra mtu kuuliza nani atakaa kwenye meza ya amri, amefundishwa na nani, na ni nani anayepokea ujuzi wa mashefu wa gare wazee kabla hawajaondoka nao. Injini inanunuliwa. Mtu anayeweza kushika treni sita kichwani kwenye njia moja, simu ikikatika kila nusu saa, hauzwi popote.

Wengine watasema kuleta michezo ya matajiri katika jambo zito hivi ni dharau. Kwa upande wa bei, wana haki: injini moja ya bustani inaweza kula mamia ya dola, na nyingine maelfu. Lakini reli zenyewe zimewahi kuuchukua mchezo huu kama shule. Mwaka wa 1912 kampuni moja ya reli ya Uingereza ilijenga reli ndogo mjini Manchester kwa ajili ya kufundisha watu wa ishara, na leo reli hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya York. Huko Darmstadt, Ujerumani, wanafunzi na wafanyakazi wa reli wanafundishwa hadi leo kwa treni ndogo zinazoongozwa kutoka meza za ishara za kweli. Mwanafunzi anakosea hapo, na hakuna anayezikwa.

Na sehemu inayofundisha si ile ya bei kali. Shule ya ufundi ya Kalemie, Kabalo au Kindu inaweza kuchora njia yake kwa chokaa juu ya sakafu, vituo vyote kwa majina yake ya kweli na njia za kupishania zilipo. Mabehewa yawe vipande vya mbao, kila kimoja na kadi yake. Mtoa amri akae chumba kingine na simu ya kawaida, asione kitu. Meza ya kwanza apewe mzee mstaafu wa reli, alipwe kwa siku zake, na vijana wawili wakae pembeni mwake wakiandika. Mwalimu achague treni moja na kuiharibu bila kumwambia mtu.

Wachezaji wa bustani wana desturi nyingine inayofaa kuchukuliwa pamoja na kadi. Treni zikisimama, wanaketi kivulini na vinywaji, mtoa amri anatoka na karatasi yake, na kila mkuu wa treni anaeleza alipokosea: hapa sikusikia, hapa niliondoka kabla ya saa, kadi hii niliiacha mfukoni. Kwa kuwa hakuna anayefukuzwa kazi siku hiyo, wanasema kweli, na karatasi inasahihishwa palepale kwa kalamu nyekundu.