Hizo alama ulizipata lini?



Ukishikwa Jumatano na ukapigwa ndani ya gari ama seli, jibu utakalosikia kortini ni lilelile: alikuja nazo, alianguka, alipigana mtaani. Hakuna anayebisha kwamba una majeraha. Wanabisha kuhusu saa. Kama jeraha ni la kabla ya kushikwa, askari yuko nje. Kama ni la baada, ana maswali ya kujibu.

Fomu ya P3 ina sehemu inayomtaka daktari akadirie umri wa majeraha, kwa saa, siku ama wiki. Wengi wetu hata hatuisomi. Tunaitia kwenye bahasha na kuipeleka kituoni. Isome! Hapo pakiachwa wazi, mrudie daktari siku hiyohiyo.

Lakini usimtarajie daktari akwambie "saa tatu na robo usiku." Watu hudhani damu ikivia chini ya ngozi inafuata ratiba: nyekundu, samawati, kijani, manjano. Haifuati. Watu wawili wapigwe saa moja, rangi zao zitatofautiana, na kwenye ngozi zetu nyeusi rangi zenyewe hazionekani vizuri. Kitu kimoja kinachotegemewa kidogo kilitokana na utafiti wa Uingereza wa 1991: manjano haikuonekana kabla ya kama saa 18. Kwa hivyo kijana aliyeshikwa saa sita zilizopita na tayari ana manjano, hiyo alama huenda ni ya zamani. Ndiyo, ukweli huu unaweza kutukata sisi pia. Usimsingizie mtu. Na manjano ikikosekana, haimaanishi kwamba jeraha ni jipya.

Mchubuko nao una mwendo wake. Mwanzo ni mbichi na unyevu, kisha unakauka kuwa kigaga, kisha kigaga kinabanduka. Ukifika kwa daktari baada ya wiki mbili, anaona kovu tu. Sheria inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini zikiisha wakati korti imefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kushikwa Ijumaa jioni ni balaa: mpaka Jumatatu, uvimbe umeshuka.

Kwa maiti, hadubini husaidia zaidi. Mtu akiishi saa kadhaa baada ya kuumizwa, chembe nyeupe za damu hukimbilia kwenye jeraha. Baada ya siku mbili tatu hivi, chuma kutoka kwa damu iliyovia huanza kuonekana. Jeraha la baada ya kufa halina hayo.

Hapa tuongee ukweli kuhusu mazishi yetu ya haraka. Damu iliyovia ndani sana wakati mwingine huonekana vizuri zaidi kesho yake. Tukizika jioni ileile mtu aliyefia kituoni, tumezika ushahidi. Wanazuoni wengi wameruhusu uchunguzi pale haki inapohitaji. Muulizeni imamu wenu kabla ya kutia sahihi yoyote mochari. Mnakumbuka Albert Ojwang, Juni 2025. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Mwili ulichunguzwa siku mbili baadaye, na madaktari wakakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na alama sehemu nyingi za mwili. Maelezo ya ukuta hayakusimama.

Kwa hivyo ndugu yako akitoka seli, kabla hajaoga na kabla ya chai, piga picha mchana, kwenye mwangaza wa jua. Weka rula ama sarafu ya shilingi kumi kando ya jeraha. Piga ya karibu, na nyingine ya mbali inayoonyesha uso. Rudia kesho na kesho kutwa, maana alama nyingine huchelewa kutokea. Nguo usizifue. Nenda hospitali hata kama P3 bado, karatasi ya matibabu ina tarehe na saa. Na mahakamani siku ya kwanza, mwambie hakimu umeumizwa na uonyeshe wapi, iandikwe.