Roketi ya kukodi hailindi nchi



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi hudhani haliwahusu, yaani jinsi nchi inavyoamua kununua, kutengeneza au kukaribisha makombora. Mara nyingi jambo hili huachiwa wakubwa na wataalamu wa jeshi. Mimi naona linatuhusu sote, kwa kuwa kombora hununuliwa kwa fedha ya umma, huwekwa katika ardhi ya umma, na likikosea njia humwangukia mwananchi.

Sisi tunaoishi Majimoto, huku Mpimbwe, tunayo sababu ya pekee ya kulifikiria. Ukitoka hapa ukaelekea magharibi utafika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa hilo ni Kongo. Huko ng'ambo, katika jimbo la zamani la Katanga ambalo wakati huo liliitwa Shaba, ndiko zilikorushwa roketi ambazo miaka ya 1977 na 1978 ziliwatia wasiwasi majirani na mataifa makubwa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini habari zake zimeandikwa, na nimeona kwamba vijana wengi wa mkoa wetu hawazijui, ingawa zina mafunzo kwa taifa letu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1975 mhandisi mmoja wa Ujerumani Magharibi, Lutz Kayser, alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG. Nia yake iliyotangazwa ilikuwa kurusha satelaiti kwa bei nafuu. Roketi yake ilikuwa ya mabomba mengi ya namna moja yaliyofungwa pamoja kama tita la kuni, na katika vali zake zilitumika mota za kufutia vioo vya magari. Mwenyekiti wa halmashauri ya kampuni alikuwa Kurt Debus, Mjerumani ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alishughulikia makombora ya V-2, kisha akaenda Marekani na kukiongoza kituo cha kurushia roketi cha Kennedy. Kampuni ilitafuta mahali karibu na Ikweta, kwa sababu hapo mwendo wa dunia kujizungusha huisaidia roketi kwenda kasi. Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire akaipa.

Mkataba ule uliipa kampuni eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 katika Shaba, hadi mwaka 2000. Ndugu wasomaji, Mkoa wetu wote wa Katavi haufiki kilomita za mraba 50,000. Basi Mobutu aliikodishia kampuni ya kigeni nchi iliyozidi Katavi mara mbili, tena pamoja na wanakijiji waliokuwamo, na kampuni ikapewa mamlaka makubwa mno juu ya ardhi hiyo. Mwenye ardhi akawa mpangaji kwao.

Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu ilirushwa Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa anatazama, nayo ikaenda kombo na kuanguka. Hakuna hata moja iliyofika kwenye anga za juu, seuze kubeba satelaiti.

Nawaomba wasomaji waiangalie vizuri tarehe ile ya 20 Mei 1978. Siku moja kabla yake, tarehe 19 Mei, askari wa miavuli wa Ufaransa walikuwa wametua Kolwezi, katika jimbo hilo hilo la Shaba, kwa sababu jeshi la Zaire lilishindwa kuulinda mji huo dhidi ya waasi waliotoka Angola. Mwaka mmoja nyuma waasi hao waliwahi kuingia Shaba, na Zaire ikaokolewa na askari wa Moroko walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Kwa hiyo jimbo lililokuwa na roketi zikipaa angani lilikuwa halina askari wa kutosha, wenye mshahara na nidhamu, wa kulinda mji wake wa madini. Roketi zilikuwa za mpangaji, na mpangaji hakuja kumlindia mtu nyumba.

Badala ya kuleta ulinzi, roketi zile zilileta maadui. Umoja wa Kisovyeti ulidai kwamba satelaiti ni kisingizio, na kwamba Wajerumani wanajaribu makombora ya kivita katika Afrika. Ufaransa nayo haikupendezwa. Kwa nchi za kusini mwa Afrika, ambazo wakati huo zilikuwa katika mapambano ya ukombozi, habari ya makombora ya kigeni katikati ya bara haikuwa ya kupuuzwa. Mwishowe, Aprili 1979, Mobutu aliuvunja mkataba. Wajerumani walifunga virago, na hakuna kiwanda cha roketi kilichobaki Shaba.

Lakini mambo hayakuishia hapo, na hapa ndipo yanapotugusa sisi Watanzania. Tulikuwa vitani na Idi Amin, aliyeivamia Kagera mwaka 1978. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliruka mpaka Mwanza kuangamiza ghala la mafuta. Mabomu yakakosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Mwezi uliofuata Mobutu aliwafukuza Wajerumani. Je, wao na ujuzi wao walikwenda wapi? Walikwenda Libya! Mwaka 1981 OTRAG ilikuwa ikirusha roketi katika jangwa la Sebha, chini ya Kanali Gaddafi. Yaani ujuzi uliojaribiwa ng'ambo ya ziwa letu ulihamia katika nchi ile ile iliyokuwa imekuja kutupiga mabomu. Ni bahati kwamba Libya nayo haikufanikiwa kutengeneza kombora lake la masafa marefu kwa njia hiyo. Lakini taifa halijengi usalama wake juu ya bahati.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Mtaalamu wa kukodi huenda anakolipwa. Nchi ikimkaribisha bila watu wake kujifunza, akiondoka huondoka na kila kitu, na kesho aweza kuwa kwa jirani mwenye ugomvi nawe.

Funzo la pili nalitoa katika vita yetu wenyewe. Jeshi letu halikuwa na makombora ya kutisha mabara. Lilikuwa na mizinga ya roketi za BM-21, ambayo Waganda waliiita Saba Saba kwa jinsi walivyoiogopa, na makombora madogo ya begani ya kutungulia ndege, ambayo yaliangusha ndege za Amin. Hizo zilikuwa silaha za kiasi chetu, mikononi mwa vijana wetu waliofundishwa. Na pale mafunzo na mawasiliano yalipopungua, tulilipa: mwanzoni mwa vita askari wetu waliangusha kwa makosa ndege zetu wenyewe huko Musoma. Kombora halijui rafiki wala adui. Anayejua ni mtu aliyelishika, naye hujua kwa kufundishwa.

Makombora hayo hayo ya begani, yakitoka katika mikono halali, huwa janga. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi, waliokuwa wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, iliangushwa kwa kombora ilipokaribia Kigali, na maangamizi yaliyofuata yanajulikana na kila mtu. Tarehe 28 Novemba 2002 magaidi walirusha makombora mawili ya namna hiyo kuilenga ndege ya abiria ya Israeli iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa. Yalikosa. Lakini siku hiyo hiyo bomu la hoteli ya Kikambala liliua watu 13. Ndiyo maana nchi zetu, Tanzania ikiwamo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo na nyepesi, ambayo inayahesabu makombora ya begani pia.

Funzo la tatu ni la ghala. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Kila mara walikufa zaidi ya watu 20, na nyumba nyingi zikabomoka. Hakuna adui aliyetushambulia siku hizo. Kununua silaha bila kutenga fedha ya kuitunza, kuikagua, na kuiteketeza inapozeeka, ni kumleta adui ndani ya nyumba.

Najua wapo watakaosema kwamba mwalimu wa kijijini anaingilia mambo ya siri. Nawajibu kwamba siri ni idadi ya silaha, mahali zilipo na namna ya kuzitumia. Hizo hata mimi sitaki kuzijua. Lakini kama nchi inataka ngao au inataka mkuki, na kama ardhi yake itakodishwa kwa wageni, hiyo ni sera, na sera ni mali ya wananchi. Wazaire wangalipewa nafasi ya kuusoma mkataba ule kabla haujatiwa sahihi, nadhani wangaliuliza maswali ambayo Mobutu hakuyauliza.

Wapo pia watakaosema kwamba dunia imebadilika, na nchi isiyo na makombora na ndege zisizo na rubani italiwa. Hawa wana hoja. Vita vya mashariki ya Kongo havipiganwi tena kwa bunduki tupu. Aprili 2024 vijana wetu watatu wa JWTZ, waliokuwa huko katika jeshi la SADC, waliuawa na kombora la mota lililoangukia karibu na kambi yao. Sisi tunaopakana na Kongo kwa ziwa hatuwezi kujifanya hatuoni. Sisemi tusinunue. Nasema tununue kama watu wanaojitegemea.

Na kujitegemea hakuna maana ya kufunga mlango. Jirani zetu wa Kenya waliwakaribisha Waitalia, ambao tangu 1967 hadi 1988 walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Moja, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kazi yao ilikuwa ya kisayansi na ilijulikana, basi haikuleta vita wala shutuma kama za Shaba. Hata hivyo Wakenya walikaa muda mrefu wakilalamika kwamba faida yao ni ndogo, mpaka makubaliano mapya yakafanywa mwaka 2016. Na huko Kongo kwenyewe, miaka mingi baada ya Wajerumani kuondoka, mhandisi Mkongo, Jean-Patrice Keka, na wenzake walianza kurusha roketi zao ndogo za utafiti huko Menkao, karibu na Kinshasa. Ni roketi ndogo, na si zote zilizofanikiwa. Lakini kilichojifunzwa kilibaki Kongo, katika vichwa vya Wakongo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, serikali ichague ngao kabla ya mkuki. Fedha yetu ya makombora iende katika kulinda anga, bandari, mabwawa ya umeme na ziwa letu, tusishindane na mtu kwa masafa marefu.

Pili, mkataba wowote wa kumpa mgeni ardhi au anga kwa ajili ya roketi, kombora au kituo cha kijeshi upitiwe na Bunge, hata kama ni katika kikao cha faragha. Mwaka 2017 tulitunga sheria ya kuliwezesha Bunge kupitia masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Anga ya nchi si ya thamani ndogo kuliko dhahabu yake.

Tatu, kila silaha inunuliwe pamoja na mafunzo, vipuri na ghala lililo mbali na makazi ya watu, na gharama zote hizo zihesabiwe tangu siku ya kwanza. Tukishindwa kulipia ghala, basi silaha hiyo hatuimudu.

Nne, ujuzi uwe wetu. Tunalo Shirika la Mzinga kule Morogoro na Nyumbu kule Kibaha. Yapewe vijana waliosoma hesabu na fizikia, na vijana hao wapatikane mikoa yote. Wapo hata huku kwetu, katika madarasa yenye watoto wengi kuliko madawati. Mtoto anayeelewa leo kwa nini jiwe likirushwa huenda kwa upinde ndiye atakayejua kesho kama muuzaji wa makombora anamwambia kweli au anamdanganya.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Siku hizi bandari ya Karema imejengwa ili tufanye biashara na ndugu zetu wa Kalemie. Mchele wa bonde letu la Rukwa unaweza kuvuka ziwa kwenda Kongo. Napenda ziwa lile livukwe na mchele na watu, na anga yake ibaki mikononi mwa wenye nchi wa pande zote mbili.

Ni mimi,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Majimoto, Katavi.