Askari Hapana Budi Aujue Uhuru wa Magazeti

Askari wengi wamezoea kumtazama mwandishi wa habari kama mtu wa kuchungwa. Afikapo kizuizini na kamera yake, huulizwa maswali kuliko mpitishaji wa magendo. Sisi tulio na kazi ya kueleza shughuli za jeshi kwa wananchi twaona kwamba desturi hiyo hutokana na kutoijua historia. Mtawala hutoa amri ya kulifunga gazeti, lakini anayekwenda kumkamata mwandishi ni askari. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Mwaka 1690, mjini Boston, Benjamin Harris alitoa gazeti la kwanza katika makoloni ya Uingereza huko Amerika. Lilitoka mara moja tu. Siku ya nne serikali ya koloni ililipiga marufuku kwa kuwa halikuwa na kibali. Miaka 14 ikapita kabla ya Boston News-Letter kuanza, mwaka 1704, kwa idhini ya watawala.

Baadaye, mjini New York, mpiga chapa John Peter Zenger alichapisha maneno ya kumlaumu Gavana William Cosby. Alikamatwa Novemba 1734, akakaa gerezani kwa miezi mingi, huku mkewe Anna akiendelea kulitoa gazeti. Kwa sheria ya siku zile, mshtakiwa hakuweza kujitetea kwa kusema kwamba aliyoyaandika ni kweli. Wakili wake, Andrew Hamilton, aliwasihi raia walioketi kuamua kesi wasimhukumu mtu kwa kusema kweli. Agosti 1735 wakamwachilia. Gavana alikuwa na jela na askari, walakini hakuweza kuwalazimisha raia wale waite kweli uongo.

Hapa Uganda njia ilikuwa na miiba yake. Wamisionari walianzisha Mengo Notes mwaka 1900, Ebifa mu Buganda mwaka 1907, na Munno mwaka 1911. Mwaka 1920 likatokea Sekanyolya, gazeti la Waafrika wenyewe. Serikali ya kikoloni nayo haikulala: mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu, ilitunga sheria ya kukagua magazeti.

Uhuru wa mwaka 1962 haukuyamaliza mambo haya. Oktoba 1968, Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, alikamatwa pamoja na mwanasheria Abu Mayanja. Mwaka 1969 mahakama iliwaona hawana hatia ya uchochezi, lakini wakarudishwa kizuizini papo hapo. Januari 1973, katika utawala wa Idi Amin, Padre Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, aliuawa na mwili wake ukakutwa ndani ya gari lake lililochomwa moto. Je, mauaji hayo yalimlinda nani? Utawala ule ulianguka mwaka 1979, na jina la padre lingali likitajwa kwa heshima.

Leo sheria inasema wazi. Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inalinda uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, katika kesi ya waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikalifuta kosa la uchochezi. Askari anayemtishia mwandishi kwa makosa hayo anatumia sheria iliyokwisha kufa.

Wilaya yetu ya Kasese nayo ina funzo lake. Novemba 2016, wakati wa mapigano katika ikulu ya Rwenzururu, mwandishi mmoja alikamatwa na kushtakiwa kwa sababu ya picha alizosambaza. Machi 2017 shtaka likaondolewa. Kukamatwa kwake kulitangazwa duniani kote, na picha zile zikatazamwa na watu wengi zaidi.

Hatusemi kwamba jeshi halina siri. Njia ya doria, idadi ya askari na saa ya kushambulia ni siri, na anayeitoa anahatarisha maisha ya wenzetu. Lakini siri ya vita ni mbali na aibu ya mtu. Tuchukue mfano wa hapa Kabatoro, kati ya ziwa la chumvi la Katwe na Ziwa Edward. Mvuvi akidai kwamba amepigwa na askari, na mwandishi akaja kuuliza, je, usalama wa taifa umeguswa? La hasha! Kilichoguswa ni jina la askari mmoja, kama kweli alikosa. Tukimfukuza mwandishi, wachimba chumvi na wavuvi hawatanyamaza. Watasimuliana, na kufikia jioni huko Bwera na Mpondwe mvuvi aliyepigwa amekwisha kuwa wavuvi watano waliouawa. Gazeti lina mhariri na anuani. Likikosea twaweza kulijibu, hata kulishtaki. Uvumi hauna mwenyewe. Nao adui anayevizia mpakani huupenda uvumi kuliko gazeti lolote.

Basi, Ndugu askari na polisi, mwandishi akifika, mtazame kitambulisho chake na umpeleke kwa msemaji wa kikosi. Usiivunje kamera yake wala kumnyang'anya daftari. Kama yupo mahali palipokatazwa, mweleze kwa adabu na umtaarifu mkubwa wako. Kama kuna kosa la jinai, fuata sheria na ukumbuke kwamba Katiba imeweka saa 48 za kumfikisha mahakamani. Nasi maofisa wa habari tuna wajibu wetu: kujibu upesi na kusema kweli, hata pale inapotuuma.

Ibara ya 208 ya Katiba inalitaka jeshi liwe la kitaifa, lenye nidhamu na lililo chini ya mamlaka ya raia. Raia hawezi kusimamia asichokijua. Jeshi lenye nidhamu halina sababu ya kuogopa kalamu, na lile lisilo na nidhamu ndilo hasa linaloihitaji.