Gurudumu la Nyuma Lililogeuzwa

Trekta ndogo ya kaka yangu, iliyotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, ilikaa siku tatu kwenye kiwanja kimoja Kawangware ikisubiri lori la kuipeleka Mwea. Nilipoitazama kwa nyuma nikaona kitu kilichonikosesha raha: meno ya tairi la kushoto yalichora kilele juu, kama paa la nyumba, ila ya kulia yalichora V. Nikasema gurudumu la kulia limefungwa kinyume. Wakazuka wabishi, na kwa kuwa hoja zao husikika kwingine pia, nazijibu hapa.

Wa kwanza alikuwa jirani anayesukuma mkokoteni kati ya Kawangware na Kibera. Kwake, tairi ni tairi, lizunguke upande wowote. Kwa mkokoteni wake ana haki kabisa, maana magurudumu yake yanasukumwa tu, barabara ndiyo inayoyazungusha. Gurudumu la nyuma la trekta linafanya kazi kinyume chake: lenyewe ndilo linalousukuma udongo. Likifungwa sawasawa, ncha ya kila jino, pale katikati, hukanyaga kwanza, kisha mabawa yake hufuata, na tope hukamuliwa kwenda pembeni likaanguka. Ukiligeuza, mabawa hutangulia na kulirudisha tope katikati. Baada ya mizunguko michache kwenye udongo mweusi wa Mwea, nafasi zote kati ya meno zimejaa, na tairi limekuwa gogo laini linaloteleza.

"Lakini si imetembea yenyewe mpaka hapa?" Imetembea kwenye lami, bila plau. Hapo hata tairi lililoisha meno lingetembea.

Fundi mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema tufunge difu na kosa litajifuta. Hapa kuna ukweli nusu. Bila kufunga difu, gurudumu linaloteleza huzunguka bure huku lenzake likisimama. Ukiifunga, yote mawili yanazunguka pamoja. Ila tope litaendelea kujaa kwenye meno yaliyogeuka, na huwezi kukata kona difu ikiwa imefungwa bila kuzitesa giya na ekseli. Kufunga difu ni msaada wa kujitoa shimoni. Huwezi kulima nayo hivyo kutwa nzima.

Kisha likaja dai kwamba la kushoto ndilo lenye kosa, kwa sababu "V lazima ionekane V". Ionekane V kwa nani? Aliyesimama mbele ya trekta huiona V, kwa kuwa upande ule meno yanashuka. Aliyesimama nyuma huyaona yakipanda, kwa hiyo ncha lazima iwe juu. Tulifuta vumbi ubavuni mwa tairi la kulia tukapata mshale wa mzunguko. Ulionyesha mzunguko wa kurudi nyuma.

Dai lililokaribia kutugharimu pesa lilikuwa la mwisho: kwamba lazima tairi livuliwe kwenye rimu ligeuzwe. Tairi la 9.5-24 lililotiwa maji robo tatu hubeba karibu lita 80. Kulivua maana yake ni kumwaga maji hayo, kupambana na vyuma vya kung'olea, kisha kujaza upya. Nikaomba futi ya kupimia. Kutoka bodi ya trekta hadi ubavu wa ndani wa tairi, kulia palikuwa na nafasi kubwa kuliko kushoto, kwa upana wa kiganja. Hiyo ndiyo habari yote. Kama nafasi zingelingana, na rimu zote zimechomelewa kwenye diski, basi tairi ndilo lililovalishwa vibaya. Zikitofautiana hivi, mtu alilitoa gurudumu zima akalirudisha diski ikiwa imetazama upande usiofaa. Dawa yake ni nati na jeki tu.

Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, tukalegeza nati kabla ya kuinua, jeki tukaiweka chini ya ekseli, na gogo pana la kuzuia tukalisogeza pale pale. Mtu asikubali kuingiza mguu chini ya trekta inayoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu hatukulibeba; watu wawili tuliliviringisha, tukaligeuza taratibu kwa sababu maji ndani yake hukimbilia upande mmoja na kukuvuta. Nati tulizikaza kwa kupishana, moja na ya mkabala wake, na kaka akaahidi kuzikaza tena baada ya saa chache za kwanza shambani.

Trekta ilipowashwa na kusogea kuelekea lori, nilichuchumaa nyuma yake kwenye vumbi. Alama za kushoto na za kulia zilikuwa zimefanana, ncha zote zikielekea ilikotoka.