Mpaka wa Mchana na Usiku Ufundishwe Uwanjani

Mwalimu afundishapo asili ya mchana na usiku, aghalabu huchora duara ubaoni, akatia kivuli nusu yake, na watoto wakanakili. Jaribio hujibiwa vyema. Lakini mwulize mtoto yule yule kwa nini mwezi huonekana nusu. Atakujibu kwamba umezibwa na kivuli cha Dunia. Mimi nami, katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi, nililipokea jibu hilo na kulitilia alama ya kusahihi.

Kosa hilo ni letu walimu. Tumetenganisha mambo mawili ambayo kwa hakika ni jambo moja. Mstari unaoonekana katikati ya nusu mwezi ni mpaka wa mchana na usiku wa Mwezi wenyewe, kama ule unaotupitia sisi kila machweo.

Ndugu wanachuo, nawashauri mngoje siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama. Saa kumi alasiri, wapelekeni wanafunzi uwanjani. Jua litakuwa magharibi, na mwezi juu upande wa mashariki. Waonyeni wasilitazame jua. Kila kikundi kinyoshe chungwa kuelekea mwezi, huku jua likilimulika. Wataona chungwa limegawanyika nusu ya nuru na nusu ya kivuli, sawasawa na mwezi. Waulizeni: je, chungwa hili nalo limezibwa na Dunia? Kivuli cha Dunia huufikia mwezi wakati wa kupatwa tu, nao huwa mpevu.

Kisha watie alama juu ya chungwa na kulizungusha polepole. Alama ivukapo mpaka na kuingia kivulini, hayo ndiyo machweo yetu. Kwenye Ikweta, Dunia hutuvusha kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa. Kwenye Ikweta ya Mwezi, mpaka huo husogea kilometa 15 hivi tu kwa saa, mwendo wa mpanda baiskeli, kwani mchana na usiku wa huko huchukua jumla ya siku 29 na nusu hivi.

Mwaka 1609, Galileo aliuchunguza mpaka huo kwa darubini. Akaona nukta zinazong'aa upande wa giza, akatambua kuwa ni vilele vya milima vilivyotangulia kupata jua. Alijifunza kwa kutazama na kujiuliza.

Wako watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu, na saa kumi watoto wamekwisha kwenda nyumbani. Basi ngojeni siku ya 22 hivi ya mwandamo, mtoke saa mbili asubuhi. Nusu mwezi itakuwa upande wa magharibi. Kipindi kimoja cha namna hiyo chatosha kung'oa kosa ambalo mtoto angelibeba hadi utu uzima, na pengine kulirithisha kwa wanafunzi wake mwenyewe.