MABEHEWA YA MTWARA: KUTU ATAILIPIA NANI?

Mazungumzo ya soko mjini Mtwara siku hizi hayaishii kwenye korosho. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yanateremshwa kwa malori hadi bandarini, na kila lori likikwama njiani wenye mzigo huanza kuitaja reli. Reli si jambo geni kusini. Serikali ya kikoloni ilijenga moja kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga zikagoma, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Vyuma viling'olewa.

Reli inayopangwa sasa, ya Mtwara hadi Mbamba Bay pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga, ina urefu wa karibu kilomita 1,000, na wawekezaji wamekuwa wakiitwa kuingia ubia. Wenye fedha hupiga hesabu ya mataruma, injini na nauli ya tani moja. Kutu ya mabehewa husahaulika, ilhali ndiyo itakayokula faida polepole.

Wauzaji wa mabehewa wana jibu tayari: chuma kinachojikinga kwa kutu yake chenyewe. Si uongo. Kampuni ya U.S. Steel ya Marekani ilikiingiza sokoni mwaka 1933 kwa jina la COR-TEN, na mabehewa ya makaa yalikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Ndani yake mna shaba, kromi na fosforasi kidogo. Kikilowa na kukauka, kikalowa tena na kukauka, kinajenga ngozi ya kahawia iliyoshikana, na kutu inapungua kasi. Rangi haihitajiki, nalo ni punguzo la gharama linalomvutia kila mnunuzi.

Tatizo ni kwamba ngozi hiyo inataka hewa isiyo na chumvi na muda wa kukauka. Mtwara, Mikindani na Msimbati hadi mlangoni mwa Ruvuma hakuna hata kimoja kwa uhakika. Kusi na kaskazi zote hupita baharini kwanza. Aulizwe mwenye nyumba yeyote wa huko mabati yake yalidumu miaka mingapi. Honolulu walijifunza kwa fedha nyingi: uwanja wa Aloha, uliofunguliwa mwaka 1975 kwa chuma cha aina hii, uliliwa na hewa ya bahari na kudai matengenezo yasiyokwisha.

Kwenye behewa, ugonjwa huanzia kwenye maungio ya kuchomelea. Fundi akitumia fimbo ya kawaida isiyo na shaba wala nikeli, mshono unakuwa dhaifu kuliko bamba, hivyo unaliwa kwanza. Na kwa kuwa mshono ni mwembamba na bamba ni pana, unaliwa upesi. Pale bamba mbili zinapolaliana bila kuzibwa, maji ya chumvi hujificha ndani. Mkaguzi ataona rangi nzuri kwa nje huku kiungo kikioza. Makaa mabichi nayo yana salfa, ambayo ikikutana na maji na hewa huzaa asidi sakafuni mwa behewa.

Wajapani wameongeza nikeli hadi asilimia 3 hivi kwa ajili ya madaraja ya pwani. Ni ghali. Kwa behewa la Mtwara, njia ya busara pengine ni ya zamani: chuma hicho hicho, lakini kipakwe rangi, mishono izibwe pande zote, matundu ya kutolea maji yawe makubwa.

Mkataba wa ubia utakapowekwa mezani, mwenye hisa ndogo ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya nauli. Fimbo gani ya kuchomelea imeandikwa kwenye zabuni? Sampuli za mishono zimetundikwa bandarini Mtwara kwa muda gani, au zimepimwa kwenye maabara ya nchi kavu tu? Na behewa likitoboka mwaka wa nane, bili inakwenda kwa mwenye kiwanda, kwa mwendeshaji, au kwa mkulima wa korosho kupitia nauli?